Ndege Aliyoahidiwa Njambi

Kiilu alikuwa akinoa tezo lake la kuchongea alasiri, katika karakana yake mjini Thika, mgeni aliposimama mlangoni na sanduku la karatasi kwapani. Jua lilikuwa kali. Mgeni hakuwa na kivuli.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Habari za safari?"

"Nzuri. Mimi ni Mburu, mume wa Njambi wa Ruiru. Nilifia kizuizini, katika kambi ya wakoloni, mwezi wa pili."

"Pole sana," Kiilu akasema, akamsogezea kigoda.

Mburu hakukaa. Sandukuni mlikuwa na ndege ndogo ya kuunganisha, vijiti vya mbao laini na karatasi ya mabawa. Alipewa na mzungu mmoja zamani, alipokuwa akifagia uwanja wa ndege kule Eastleigh, na alikuwa amemwahidi mkewe kuiunda. Sasa gundi ilikuwa haimshiki vidole.

"Afisa wa kijiji anamwambia niko hai, ila ni mkaidi, sitaki kukiri kiapo," alisema. "Ndiyo sababu wanamchimbisha handaki la kuzungushia kijiji. Imalizie, fundi. Itajua nilipolala."

"Nitaimaliza."

Mburu akashika njia ya mto Chania.

Kiilu alikuwa mchonga twiga wa mbao, basi akaanzia kichwani kama alivyozoea. Mabawa yakakataa kuingia. Akaibandua yote kwa mvuke wa birika, akaanza upya mbavuni. Mbavu zilikuwa nyembamba kama njiti za kiberiti. Akipiga chafya, anazitafuta sakafuni. Wateja walikuja, wakaona twiga wasio na miguu, wakaenda kwingine.

Masika yalipokwisha, ndege ilikuwa tayari, ila propela haikuwamo sandukuni. Alichonga ya mpingo, ikapasuka. Ya mkangazi ikagoma kuzunguka. Akautazama mpini wa tezo, ambao babake aliushika kabla yake hadi mti ukafuata kiganja chao. Akauchomoa, akauchonga kwa kisu. Propela ikazunguka yenyewe.

Kule Ruiru, mlinzi wa kijiji aliikagua ndege, akaona haina bunduki, akamruhusu Kiilu kupita. Njambi alikuwa ndani ya handaki hadi mabegani.

"Fundi, twiga wamekwisha, sasa unachonga ndege za serikali?" akauliza, maana alizijua kazi zake.

"Ni ya Mburu. Alikuahidi."

Njambi akafuta mikono, akaipokea, akaiachilia. Ikapita juu ya seng'enge, ikaelekea kaskazini. Ilirudi kabla ya kengele ya kufunga kazi, magurudumu yamejaa vumbi jeupe la mbali, imenasa kifungo cha koti la Mburu, ambacho Njambi alikishona mwenyewe kwa uzi wa kijani.

"Basi amekufa," Njambi akasema, akampelekea afisa kile kifungo.

Afisa alikigeuza, akamrudishia. Kifungo si maiti, alisema. Mburu ni mkaidi tu. Njambi akaifunga ndege ndani ya shuka, akarudi kuchimba.

Mpini mpya ulimchubua Kiilu hadi damu, na twiga wake walitoka na shingo za kupinda. Mburu alimkuta amefunga kiganja kitambaa.

"Ilimfikia?"

"Ilimfikia."

"Na handaki?"

"Bado anachimba."

Mburu akakivuta kigoda. Safari hii akakaa.