Kadi ya Jalidi

Mpiga chapa alishasema: muswada ufike kabla ya saa sita mchana, la sivyo mashine inapewa kazi ya watu wengine. Saa tano ilikuwa imeshapita. Kamusi ya Kiesperanto iliyowala ndugu wawili miaka tisa ilikuwa imekwama kwenye kadi moja, ya neno frosto, yaani jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukigusa.

Sheria walijiwekea wenyewe: asili ya neno haiingii kamusini bila sahihi mbili. Mdogo mtu alikuwa ameandika "Kijerumani" akatia sahihi yake. Dada mtu amegoma.

"Dada, nakuomba. Weka sahihi tu."

"Si Kijerumani peke yake. Waingereza nao wanalo, lilelile."

"Lazima tuchague lugha moja!"

"Nani kasema? Soma kadi ya zamani."

Hapo ndipo damu ilipomchemka mdogo mtu. Kadi za zamani! Mwaka jana alizinakili zote upya, maana mwandiko wa dada ni wa kuku hasa, na leo badala ya asante anapewa kiburi. Alizunguka chumba, akapiga meza, akamkumbusha ukaidi wake tangu utotoni. Dada akaendelea kumenya chungwa. Hasira ya mtu anayemfokea mla chungwa haina pa kwenda.

Mwishowe akauvuta mkebe wa kadi za zamani kutoka chini ya meza, akapekua mpaka vidole vikajaa vumbi. Kadi ilikuwepo. "Kijerumani na Kiingereza, pamoja." Chini yake sahihi mbili. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, ya mwaka wa kwanza wa kazi. Wakati wa kunakili aliona tu kwamba anajua zaidi, akakiacha Kiingereza.

"Kumbe ulijua," alisema kwa sauti ndogo.

"Tangu asubuhi nakwambia usome, mdogo wangu. Wewe unanifokea."

Simu ikalia. Ni mpiga chapa: saa sita imepita, mashine imeshachukuliwa, zamu yao nyingine ni baada ya miezi mitatu. Alitaka kuirusha simu ukutani.

"Miezi mitatu, dada! Kwa neno moja!"

Dada akafuta mikono, akaitazama ile kadi.

"Na hizo elfu nne nyingine ulizonakili, nami nikatia sahihi kwa kukuamini," aliuliza, "nazo ulijua zaidi?"

 Mdogo mtu akavuta kiti, akausogeza mkebe karibu, akaanza na herufi A.