Mjumbe wa Kutumwa

Hodi ilipigwa wakati bodi ya maktaba imekwisha kata tamaa. Akidi, yaani idadi inayokifanya kikao kiwe kikao, ilitaka wajumbe watano, na walioketi pale ghorofani walikuwa wanne tu.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Mimi ni mjumbe," alisema.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliinuka uso umemkunjuka. "Karibu, karibu! Tumekungoja mpaka shingo zimerefuka."

"Kumbe mnanijua?"

"Tuliambiwa leo ataletwa mjumbe mpya."

"Haya makubwa," mgeni alisema, akakaa.

Katibu, binti aliyemaliza chuo juzijuzi, alishusha pumzi. Mpango wa miaka mitano wa maktaba ulikuwa kazi ya mikono yake. Ukipita leo, naye angethibitishwa kazini. Usipopita, angerudi kwenye majaribio, na mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote.

Akausoma: kompyuta, rafu mpya, rangi ya kuta. Alipomaliza, mgeni aliinua mkono.

"Mwanangu, na mlango?"

"Mlango gani, mama?"

"Huo wa chini. Mnaufunga saa kumi na moja. Sisi mafundi cherehani tunaacha kazi saa hiyohiyo. Tukifika, tunasalimiana na kufuli."

Mfamasia, mjumbe mwenye ulimi mwepesi, alicheka. "Na lenyewe linaitikia?"

"Linaitikia kuliko bodi."

Kicheko kikawashika wote, ila katibu. Yeye alikuwa ameshikwa na jambo jingine. Kabla ya kuandika mpango aliwahoji watu wengi, lakini wote aliwakuta ndani ya maktaba. Hakuwahi kujiuliza nje ya mlango wamebaki akina nani.

"Mngependa kusoma nini?" aliuliza.

"Njoo uwaulize wenyewe. Wamo karakanani nyuma ya soko, wananingoja na jibu."

"Waambie mpango hautapita kabla sijawasikiliza." Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Mwenyekiti akakohoa. "Ngoja kwanza. Wanaokungoja ni nani?"

"Walionituma. Si nimesema mimi ni mjumbe? Mafundi wamenituma."

Kisha mfamasia akapiga meza. "Lahaula! Mjumbe wa kutumwa, si mjumbe wa bodi! Tungepitisha mpango kwa kura ya mleta salamu!"

Hawajamaliza kucheka, mlango ukafunguka. Akaingia mjumbe mpya mwenyewe, anahema, analaani pancha. Sasa akidi ilitimia kwelikweli.

"Mjumbe hauawi," alisema mfamasia, "ila kura hapigi. Tupitishe, twende zetu."

Mwenyekiti alimwinamia katibu. "Binti, ahadi ya mdomo haina muhuri. Kikao kingine ni baada ya miezi sita. Fikiria kazi yako."

Fundi alikuwa ameshasimama. "Usijali, mwanangu. Nitawaambia mlikuwa na haraka." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma katibu zaidi.

Kwa kanuni yao, aliyewasilisha rasimu aliweza kuiondoa kabla ya kura. Katibu akaifunga rasimu. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuiondoa rasimu yangu."

"Unajua unachokiondoa?"

"Najua."

Mfamasia akatikisa kichwa. Katibu akakusanya karatasi zake, akamfuata fundi hadi nyuma ya soko.

Karakana ilikuwa nyembamba, inanuka mafuta ya mashine na kitambaa kipya. Fundi alipaza sauti, cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Umerudi na jibu?" aliuliza mshonaji wa sare aliyekaa karibu na dirisha.

"Nimerudi na mwenye maswali."

Nyuso zote zikamgeukia katibu. Akavuta gunia la vipande vya nguo, akalikalia.

"Niambieni," alisema, "siku mkiukuta ule mlango wazi, mtaingia kutafuta nini?"

Wakajibu wote kwa pamoja, asijue amsikilize nani kwanza.