Siku Skelbeck Ilipolalamika

Ukutani mwa ukumbi wetu wa kijiji, kando ya kabati la vikombe, kuna ubao ambao Clive Entwistle aliupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Juu ameandika: Mambo Tunayoyapenda Sana Kuhusu Nchi Yetu. Chini yake kila mwanakijiji alibandika karatasi. Chai ilitajwa mara kumi na tisa, foleni mara kumi na moja. Wapo walioandika bustani, wapo walioandika mbwa. Mmoja aliandika mvua, na Clive akaibandua kwa kuwa aliona ni kejeli. Iliyopigiwa makofi ni ya Clive mwenyewe, kwa wino wa bluu: Sisi hatulalamiki.

Hatulalamiki! Mtume! Nimeishi Skelbeck miaka thelathini na moja, tangu marehemu mume wangu, Derek Braithwaite, aliponitoa Tanga akanileta kwenye baridi hii ya Wazungu, na sijaona watu wanaolalamika kama hawa. Kwa mwenye duka wanamsema daktari, kwa daktari wanamsema mwenye duka. Jua likitoka nusu saa tu, utasikia joto limezidi. Wasichoweza, hata ukiwawekea kisu shingoni, ni kumlalamikia mtu anayehusika.

Mwezi wa tisa ikaja barua. Halmashauri inakusudia kuliondoa basi namba kumi na saba, linalotupeleka mjini, na baada ya wiki tatu, Jumatano alasiri, afisa wake atakuja kusikiliza pingamizi za wakazi. Zisipopatikana pingamizi za maana, basi linaondoka.

Kijiji kikawaka moto. Dukani palikuwa hapapitiki kwa maneno. "Washenzi wakubwa!" alisema mama wa mikate, ambaye kwa kawaida humwomba radhi hata nzi kabla ya kumfukuza. Clive, mwalimu mstaafu wa jiografia, alisimama katikati ya viazi na vitunguu, shingo nyekundu, akatangaza: "Nitalala barabarani! Wanipite juu na magari yao! Huyo afisa aje tu, atanitambua!" Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Beryl Ogden hakupiga. Beryl ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na basi lile ndilo mguu wake. Mumewe Stan yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee huko mjini, maili kumi na mbili, akili imeshamtoka. Stan aliliendesha basi hilohilo, namba kumi na saba, miaka ishirini na minane. Sasa kawasahau watoto, kaisahau harusi, jina la Beryl nalo limepotea. Lakini kila Jumanne na Ijumaa, Beryl anapoingia na kipande cha mkate wa nyama na haradali, Stan humtazama na kuuliza, "Kumi na saba limewahi leo?" Beryl hujibu, "Limewahi, Stan." Hapo uso wa mzee unafunguka, anakula mkate wote. Wauguzi wanasema siku nyingine chakula wanamlisha kwa kubembeleza, na kingi anakitema.

Usiku ule wa barua sikulala. Asubuhi Beryl akaja jikoni kwangu, akakaa, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Hawa," akaniambia, "nina ombi, shoga yangu. Ukiona ni usumbufu, sema."

"Beryl, sema bwana, usinizungushe."

"Jumatano unisemee. Habari ya Stan. Mimi mwenyewe siwezi. Nikisimama mbele za watu nitalia, na kulia mbele ya mgeni... unajua mwenyewe. Lakini wewe una mdomo. Unakumbuka ulivyomkoromea yule muuza samaki?"

Nakumbuka. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza. Jamaa aliniuzia samaki anayenuka, nikamfokea sokoni kwa sauti niliyotoka nayo Tanga, mpaka akanirudishia pesa yangu na samaki mwingine juu. Nikageuka kifua mbele, nikakuta foleni nzima inanitazama mimi. Hawakumtazama yule tapeli. Derek alinishika mkono tukaondoka kimyakimya, na mwezi mzima watu walinisalimia kwa upole kama mtu aliyetoka hospitali. Tangu hapo nilianza kujifunza.

"Nitasema," nikamwambia Beryl. "Naapa. Nitasema mpaka masikio yamuume."

Akanishika mkono. Yeye si mtu wa kushika mikono.

Jumatano ikafika na mvua ya kumwaga. Ukumbi ulijaa, watu ishirini na saba, kwa Skelbeck hiyo ni sherehe. Afisa akachelewa. Alipoingia tukaona ni binti mdogo tu, jina lake Fiona, miwani imejaa ukungu, pua nyekundu, mafua yamembana. "Samahani sana kwa kuchelewa," akasema. "Samahani sana kwa mvua," akajibu Clive, kana kwamba yeye ndiye aliyeifungulia. Mtu akaomba samahani kwa kiti. Mwingine akaomba samahani kwa aliyeomba samahani.

Basi yale mahasira yote ya wiki tatu, lo, yalikwenda na maji! Ikawa nani amletee chai, sukari vijiko vingapi, kaa karibu na hita, mwanangu, keki hii ni ya limau, onja na hii ya tangawizi. Dakika arobaini zikateketea. Fiona akasema ana mkutano mwingine saa kumi na moja, kwa hiyo tafadhali, wenye pingamizi wasogee mbele.

Foleni ikajipanga yenyewe, imenyooka, ungeipigia rula. Kisha wa kwanza akamwambia wa pili, "Tangulia wewe." "Hapana, wewe ulikuja mbele." "Sina haraka, kweli." Walirudishana nyuma namna hiyo mpaka aliyebaki mbele ni Clive, kwa sababu alikuwa anafunga kamba ya kiatu na hakuona wenzake wakirudi.

Nikajisemea, haya, huyu ndiye wa kulala barabarani. Sasa mtoto wa watu ataona.

Clive akakohoa. "Kwanza tunakushukuru kwa kuja katika hali hii ya hewa." Makofi. "Pili, kama haitakuwa usumbufu, ningependa kugusia kwamba huenda wapo mmoja wawili ambao pengine wangeona mabadiliko haya, nisemeje, si rahisi sana. Lakini tunaelewa mna mengi." Akaketi, anajifuta jasho. Mama wa mikate akamnong'oneza, "Clive, umekuwa mkali mno."

Wallahi, kwa Skelbeck yale yalikuwa matusi ya nguoni. Ukumbi mzima ulielewa. Na Fiona alielewa pia, msinidanganye, yule ni mtoto wa hapahapa. Lakini alichoandika ni maneno yaliyotamkwa, na maneno yaliyotamkwa yalikuwa ni hayo.

Wengine wakafuata. Mmoja alisema tutazoea. Mmoja alisema wakati wa vita mambo yalikuwa mabaya zaidi, naye kazaliwa miaka kumi baada ya vita. Mmoja alifika mbele, akamtazama binti anavyopenga kamasi, akamwambia anywe asali na ndimu, akarudi kukaa.

Nikabaki mimi. Beryl alikuwa kiti cha nyuma, mkoba magotini, ananitazama. Nikainuka. Maneno ninayo yote, nimeyapanga tangu alfajiri: Stan, basi, mkate, swali lile. Damu ya Tanga ilikuwa imenipanda mpaka kwenye nywele.

Fiona akainua uso, akatabasamu. "Karibu, mama. Na wewe unatokea wapi?"

Jamani, swali hilo! Clive huniuliza kila Krismasi, miaka thelathini na moja, natokea wapi hasa, kama vile mwaka huu nitabadilisha jibu. Nimemzika mume kwenye makaburi ya hapa. Nimeoka keki za ukumbi huu hata sijui ngapi. Mshipa ukanisimama.

"Natokea Skelbeck," nikasema.

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikaiona ile foleni ya samaki, yenyewe, nyuso zilezile zikiwa na mvi. Walikuwa wananingoja nifoke. Walishaanza kuona aibu kwa niaba yangu. Clive alikuwa anatazama viatu vyake. Na mimi, Mwanahawa binti Shekuwe, niliyewahi kumnyamazisha kondakta stendi nzima ikashangilia, nikasikia sauti laini inatoka kinywani mwangu:

"Samahani kukupotezea muda. Ni jambo dogo tu. Beryl pale nyuma hulitumia basi kidogo, kwenda mjini. Lakini tutajikaza, msijali."

Yakaja makofi, makofi ya dhati, kuliko aliyopata Clive. Mama wa mikate alinipa kipande cha keki ya limau bila kuniuliza. Sikuthubutu kugeuka nyuma.

Ripoti ikaja baada ya wiki tano, na Clive akaibandika kando ya ubao wake. Ilisema wakazi walikuwa wakarimu sana na hawakutoa pingamizi la maana. Ikasema: "Bi Braithwaite, mkazi wa muda mrefu, alilieleza suala hili kuwa ni 'jambo dogo tu', na alituhakikishia kuwa jamii 'itajikaza'." Kwa hiyo huduma itasitishwa mwisho wa mwezi.

"Umenukuliwa, Hawa," akaniambia Clive. "Peke yako kwa jina. Hongera."

Ningemtia kofi. Nikasema asante.

Siku ya mwisho ya basi tulijipanga kituoni, wote, mpaka wasiosafiri. Dereva alipewa keki na kadi yenye sahihi za kijiji kizima. Kila aliyeshuka alimwambia "asante, dereva", kama tunavyosema siku zote, na basi lilipoondoka tupu tulilipungia mikono. Halafu tukaenda dukani, na kule, hee, ungesikia matusi! Washenzi, wauaji wa vijiji, hawana hata aibu! Clive akasema angekuwa kijana angelala barabarani.

Jumanne iliyofuata nikaenda kwa Beryl. Gari la Clive lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yake, ng'ambo ya barabara, linang'aa, haliendi popote. Nikamwambia Beryl, "Twende tukamwombe Clive akupeleke."

"Toba, usithubutu!" akasema. "Angetaka angesema."

Na Clive, najua, maana aliniambia mwenyewe dukani, anangoja Beryl aombe, hataki kumtia aibu. Nilipokwenda kumwambia, alisema, "Aje tu, wakati wowote, aniambie." Nikarudi na habari hiyo. Beryl akasema ni maneno ya adabu tu, mtu hawezi kuyachukulia hivyo. Wawili hawa wanapungiana mikono dirishani kila asubuhi.

Nikakaa mezani kwake nikalia. Nililia kwa sauti, nikaona na iwe. "Nisamehe, Beryl. Uliniomba kitu kimoja. Nilikuwa nayo maneno, wallahi nilikuwa nayo yote."

"Acha, shoga yangu, acha." Alikuwa ameona haya, hajui pa kuweka mikono. Akaniwekea chai mbele. "Mbona ulisema vizuri? Kila mtu kasema. Clive mwenyewe kasema siku ile ulikuwa mwenzetu kabisa."

Miaka thelathini na moja nimelisubiri neno hilo.

"Asante," nikasema.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita, wakati wake wa kufika kwa Stan. Mkate ulikuwa juu ya meza, umeshafungwa kwenye karatasi, nyama na haradali. Beryl aliutazama kidogo. Kisha akaufungua, akaukata katikati, akanisogezea nusu, akasema haifai kutupa chakula. Tukala.