Binti Aliyekataa Kulala Kwenye Filamu ya Zimwi

Jumatatu, saa tisa alasiri, mhariri wa filamu ambaye kazini wote walimwita Mkasi aliona kidole gumba cha mguu kikicheza kwenye picha ya mia moja na kumi na mbili. Hakikutakiwa kucheza. Katika picha hiyo binti amelala usingizi wa uchawi, na kazi yake ni hiyo tu, kulala mpaka mwindaji aje kumwokoa. Mkasi akarudisha nyuma, akatazama tena. Kidole kikacheza tena. Akakikata, akamalizia chai yake iliyokwisha kupoa, akaendelea.

Jumanne ukawa mguu mzima. Jumatano binti akajigeuza ubavu, akavuta shuka, akaachia pumzi kama mtu aliyechoshwa na foleni. Mkasi akampigia simu mwigizaji.

"Mimi nililala, dada," mwigizaji akasema. "Siku nne nzima. Mpaka shingo ikakakamaa. Nilipewa maneno matatu filamu nzima: 'Nani wewe?' na 'Ahsante.'"

"Basi huyu si wewe."

"Si mimi. Mimi hapa niko saluni."

Mwongozaji, mtu mpole aliyejua majina ya watoto wa wafanyakazi wote, alikuja kutazama. Akajikuna kidevu.

"Anahangaika," akasema. "Igandishe picha."

Mkasi akaigandisha. Ndani ya picha iliyoganda, binti akajikuna goti.

Wiki ile Mkasi naye hakutulia. Alizunguka koridoni bila sababu, akafungua kabati na kusahau alichofuata, nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Hadithi yenyewe aliijua tangu utotoni, kwa shangazi yake, na katika hadithi ya shangazi hapakuwa na mwindaji. Palikuwa na zimwi lililomeza kijiji kizima, na binti mmoja aliyebaki, akachukua mchi wa kutwangia akalifuata. Mkasi aliwahi kulisema hilo kwenye kikao cha kwanza. Mwongozaji akamjibu kwamba watazamaji wanataka mapenzi, na wanataka mtu wa kumshangilia. "Si wamshangilie huyo binti," Mkasi alisema. Kikao kikahamia kwenye suala la mavazi.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, binti akaketi kitandani, akateremsha miguu, akatoka kwenye kioo cha kompyuta na kukanyaga mezani, akiiruka kibodi kwa uangalifu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Angalia hizo nyaya."

"Nimelala dakika thelathini na moja. Mgongo unaniuma."

"Najua. Mimi ndiye niliyekulaza."

Binti hakulichukulia vibaya. Alitazama chumba, akakagua chini ya meza, kisha nyuma ya mlango.

"Mchi wangu uko wapi?"

"Ulitolewa kwenye mswada wa pili."

"Na zimwi?"

"Lipo. Picha ya mia moja na arobaini."

Ijumaa asubuhi Mkasi alikuja na mchi wa nyumbani kwake, ameuzungushia kanga ili usimgonge mtu kwenye basi. Binti aliupima uzito mkononi, akafunga nguo yake vizuri kiunoni, akaingia kwenye kioo. Mkasi akapunguza sauti ya spika kwa sababu chumba cha pili kulikuwa na mtu anaongea na simu. Hata hivyo kishindo kilisikika, na meza ilitikisika mara saba. Kisha watu wakaanza kutoka tumboni mwa zimwi, mmoja mmoja, wakijipangusa na kuulizana leo siku gani. Binti akarudi ametota jasho, viganja vimetoka malengelenge. Mkasi akampa maji. Akagundua kwamba miguu yake mwenyewe imetulia chini ya kiti, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mwongozaji aliitazama picha nzima akiwa amesimama. Ilipokwisha alitoa leso akajifuta macho.

"Nzuri," akasema. "Limekufa vizuri kuliko tulivyopanga. Sasa mtoe yeye."

"Nani?"

"Binti. Mwindaji tunaye kwenye picha ya tisini, ameweka mguu juu ya jiwe. Toa jiwe, weka mzoga."

"Mzoga ni wa huyu hapa."

"Dada, mabango yameshachapishwa." Kisha akamgeukia binti, maana alikuwa na adabu zake. "Umefanya kazi kubwa sana, mwanangu. Tutakushukuru mwishoni, kwenye majina."

"Majina gani?" binti akauliza.

"Wasaidizi."

Mkasi aliifanya kazi ile kwa saa moja na nusu. Alijiambia kwamba angekataa, angepewa mwenzake wa chumba cha pili na ingekwisha kabla ya chai. Ilikuwa kweli. Akajiambia tena, na tena, na kila mara ilikuwa kweli vilevile, na miguu ikarudia kutikisika. Binti alikaa kiti cha pembeni akimtazama anavyomfuta, mkono, bega, kichwa. Kwa zile dakika thelathini na moja za usingizi, ambazo sasa zilikuwa na kitanda kitupu, aliitwa tena mwigizaji, na kamera ikaletwa. Alilala alasiri moja, safari hii amekuja na mto wake.

Baada ya hapo binti hakuwa na pa kurudi, kwa kuwa filamu ilikuwa na nafasi ya aliyelala tu. Mkasi akaenda naye nyumbani. Akamtandikia chumba cha mwanawe wa kike, mwenye miaka minane, lakini binti hakulala. Alitembea tu, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Siku ya uzinduzi, Jumamosi mchana, Mkasi, mwanawe na binti walikaa safu moja, mwongozaji nyuma yao. Mwindaji alipoweka mguu juu ya mzoga, ukumbi mzima ulipiga makofi. Katika picha, watu waliotoka tumboni walimpigia magoti kumshukuru, isipokuwa bibi mmoja, ambaye Mkasi hakuwa amemgusa. Bibi yule aliendelea kuchungulia nyuma ya bega la mwindaji, akimtafuta mtu. Mwongozaji akainama kumnong'oneza Mkasi kwamba huyo bibi watamrekebisha.

Kesho yake Mkasi aliinua kichwa jikoni akasikia kumetulia mno. Akaenda sebuleni. Mwanawe alikuwa amepanga mito yote ya viti sakafuni na kulala juu yake chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa kwa nguvu. Kwenye kona, nyuma ya pazia, kulikuwa na zimwi, si kubwa sana, linapumua.

Binti aliliona. Akachuchumaa kando ya mtoto.

"Inuka," akamwambia. "Liko peke yake. Tukienda wawili tunalimaliza sasa hivi."

"Shikamoo, dada," mtoto akajibu, bila kufumbua macho. "Siwezi kuinuka. Bado hajaja."

"Nani?"

"Wa kuniokoa."

Binti akamtazama Mkasi pale mlangoni. Mkasi akatazama pazia. Zimwi likasogea hatua moja, na mtoto akajiweka vizuri zaidi kwenye mito.