Kidole cha Wifi

Asubuhi ile mashine ya getini ilipokataa kidole cha wifi yake, mshona mikono ya mashati alicheka pamoja na foleni nzima. Yalikuwa mambo ya kila siku. Kitambaa kigumu kinakula ncha za vidole, na haipiti asubuhi bila mtu kuwashiwa taa nyekundu, akapangusa kidole kwenye sketi, akajaribu tena.

"Kitemee mate, Mama Kola!" mtu akapiga kelele.

Walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa ameshona kola za mashati miaka tisa. Ndiye pia aliyemwombea kazi mke wa kaka yake, akapewa upande wa mikono.

Mama Kola akakitemea mate, akapangusa, akabonyeza. Nyekundu. Akajaribu gumba. Nyekundu.

"Leo imeamka vibaya," alisema, ila sauti ilishapungua.

Mlinzi akatazama pembeni. "Mama, simama kando kidogo."

"Nisimame kando nimefanya nini? Vidole si ndio hivi hivi vya jana?"

"Mimi sijui. Mashine ndiyo inajua."

Hapo simu ya Mama Kola ikalia. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mtu mwingine: mkataba wako umekoma leo, ujumbe huu haujibiwi. Simu nyingine ikalia nyuma yake, na nyingine. Kicheko kikakatika. Watu kumi na mmoja wakasimama ukutani, wakipangusa vidole visivyokuwa na kosa.

Zamu ya mshona mikono ilipofika, taa ikawaka kijani. Geti lile halimngoji mtu zaidi ya pumzi tatu.

"Pita, wifi," Mama Kola alisema. "Tukisimama wote watoto watakula nini?"

Akapita, macho chini.

Wiki mbili nyuma wifi alimletea karatasi ya daftari yenye majina manne. Wakifika hamsini, alimweleza, wataandikisha chama chao cha wafanyakazi, na mtu hatatupwa nje kama kipande cha kitambaa bila wenzake kuuliza.

"Wifi, mimi nina watoto."

"Na mimi nafuga paka?" Wakacheka, yakaishia hapo.

Ndani, kiti cha kola kilikuwa kitupu, kimto chake bado kimebonyea. Msimamizi akamtupia mzigo wa kola juu ya mikono aliyokuwa akishona.

"Kuanzia leo unashona vyote viwili."

"Nani kasema?"

"Imetoka juu."

"Juu kwa nani?"

Msimamizi alinyanyua simu yake, akamwonyesha kioo, akaenda zake.

Alifungua droo ya wifi kutafuta uzi. Karatasi ilikuwa chini ya bobini. Akayasoma majina. Kati ya wanne, aliyefungiwa nje ni wifi peke yake. Wale kumi wengine hawakuwahi kuandika kitu. Walijificha kama yeye alivyojificha, na wapi!

Akachukua penseli ya kuchorea kitambaa, akaandika jina lake. Akaichomeka karatasi katikati ya furushi la mikono, akalifunga, akalisukuma kwa jirani. Furushi hupita meza kwa meza, na msimamizi huhesabu mafurushi tu, hafungui hata moja.

Akainama, akatega sikio. Mashine ya jirani ikanyamaza, muda wa kuandika jina, ikalia tena. Ya pili ikanyamaza. Ya tatu haikunyamaza. Ya nne ikanyamaza.

Dirishani aliwaona wale kumi na mmoja bado wako ukutani. Wifi alikuwa akipangusa kidole kwenye sketi.