Nyumba Yenye Mgeni Haivunjwi

Mdogo wangu Marzouq alikwenda Uchina kununua vigae vya duka lake la Nizwa, hapa kwetu Omani, akarudi na wazimu. Wenyeji wake walimtembeza mji mmoja wa kale mlimani, na tangu hapo hakuna aliyekula kwake kwa amani bila kuonyeshwa video. Sikatai, mji ni mzuri. Nyumba za mbao zimeng'ang'ania ubavu wa jabali, mapaa yamekunja ncha kuelekea juu, ngazi za mawe zimelika kwa nyayo za watu, na ukungu unapita katikati ya roshani. Nilitazama mpaka kahawa yangu ikapoa.

Kisha akasema atajenga hoteli kama ule mji, na mapaa yale na taa zile nyekundu, pale pale ilipo nyumba ya babu yetu.

Nyumba yenyewe iko kijijini kwetu mlimani, mwendo wa saa moja kwa gari. Ni ya udongo uliokandwa na makapi, imekaa juu ya mwamba mtupu, boriti zake magogo ya mitende, na falaji, mfereji wetu wa maji, unapita chini ya sebule. Babu alipohamia Unguja aliifunga, na tuliporudi sisi wajukuu tuliikuta imesimama. Mama alifia humo, na mimi humo ndimo nilimotolewa bibi harusi.

"Wale Wachina wametunza nyumba za babu zao," nikamwambia, "ndiyo maana umepanda ndege kwenda kuzitazama. Wewe unavunja ya babu yako ujenge ya babu yao?"

Akacheka. Akasema udongo ni udongo, khalas, tingatinga limeshakodiwa na kesho linapanda.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alfajiri binti yangu Alya alinipeleka kijijini na mkeka, birika na kikapu cha tende. Nikafukiza ubani, nikawaita majirani waje kwenye fuala, kahawa na tende za kukaribisha wageni.

Kwetu mgeni hafukuzwi. Akishakaa, humiminiwa kahawa mpaka mwenyewe atikise kikombe kuonyesha amekinai, na maadamu yumo ndani, hata adui husubiri nje. Majirani wa kwanza wakaondoka, wengine wakaingia, na sebule haikubaki tupu.

Marzouq alipofika aliliacha tingatinga linanguruma barabarani, akapiga hodi, akavua viatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, mgeni wangu."

Akakaa, angefanyaje mbele ya kijiji kizima? Nikammiminia. Akanywa harakaharaka, akatikisa kikombe. Nikamjazia tena. Akanitazama kama mtu aliyeona mwehu, akanywa, akatikisa kwa nguvu zaidi, nami nikajaza mpaka ukingoni. Majirani waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira.

"Dada, wallahi nimetikisa."

"Nimekuona. Tikisa mpaka mkono uchoke. Leo namiminia mimi, na kikombe chako kikiwa na kahawa wewe ni mgeni, na nyumba yenye mgeni haivunjwi."

Akakishika kile kikombe, hajui akiweke wapi. Tukasikia maji ya falaji chini yetu, kwa sababu nje dereva wa tingatinga alikuwa amezima mashine.

Nikamtuma Alya akamwite naye aje anywe, kisha ateleke birika jingine.