Mkono wa Kushoto wa Bibi

Bibi hakuweza kusema, maana mrija wa mashine ya kupumulia ulikuwa umepita mdomoni hadi kooni. Kilichobaki na nguvu kidogo ni mkono wa kushoto, nao ulinizoea mimi niliyekuwa nikimwogesha. Tulikubaliana: akinibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mbano wenyewe ulikuwa hafifu. Daktari alijaribu kumshika, hakusikia kitu.

Siku ya tisa daktari alituita kando ya kitanda. Akamweleza Bibi taratibu: mrija ule hauwezi kuendelea kukaa mdomoni. Ama watoboe koo aendelee na mashine, pengine kwa miezi, ama wamwondolee na kumtuliza maumivu tu.

"Gharama niachieni mimi," alisema Baba Mkubwa, kifungua mimba wa Bibi. "Kile kiwanja nauza leo leo."

"Anayeulizwa ni mama," daktari alisema, akamwinamia Bibi. "Mama, tukutoboe koo?"

Baba Mkubwa akanigeukia. "Haya, mkalimani. Mke mwenzako anasemaje?"

Bibi alinitazama. Akanibana. Nikaomba moyoni aishie hapo. Akanibana tena.

Baba Mkubwa alikuwa ameifinyanga kofia yake mpaka imekuwa kama tambara. Sijawahi kumbishia mtu mzima maishani mwangu.

"Amekubali," nilisema.

Bibi akafumba macho.

Aliishi siku arobaini na moja na tundu lile kooni. Kila siku nilimwogesha, na kila siku alinibana mara mbili, hata nisipomwuliza kitu. Wiki ya mwisho mkono ulilegea kabisa. Lakini nyumbani, nikiosha vyombo, mikono yangu ikiwa ndani ya povu, nilibanwa. Mara mbili.

Baada ya mazishi nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Baba Mkubwa peke yake sebuleni, nikamwambia yote huku nimeinamisha uso.

Alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Nilijua," alisema. "Siku ile nilikuwa naangalia mkono. Niliona vidole vikijikunja mara ya pili."

"Sasa mbona hukusema, Baba Mkubwa?"

"Si ulikuwa umeshasema wewe, mwanangu?" Akanisogezea stuli niketi karibu naye. "Nikashukuru."

Sikuketi.